Vifuniko vya Ghorofa ya Tatu

Kama ulikuwa hujawahi kumwona mtu aliyechoshwa na majirani zake, basi ungekuja umtazame fundi wa vitasa wa ghorofa ya nne, mwezi ule alipokuwa akitoboa kuta za ngazi. Watu walimwita Kitasa, na jina lilimkaa vizuri maana mdomo wake haukufunguka ovyo. Lakini mwezi ule, jamani, ulifunguka. Alisema na drili, akasema na misumari, akasema peke yake akipanda na kushuka, na mengine aliyoyasema siwezi kuyarudia hapa.

Yote yalianzia kwa shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea yeye na dada yake tangu Kitasa ana miaka sita, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamsomesha, akamtafutia fundi wa kumfunza kazi. Macho yalianza kumwishia polepole, na miaka minne iliyopita yakazima kabisa. Kitasa, aliyekuwa na miaka arobaini na minane na hana mke (jambo ambalo Shangazi hakuchoka kumkumbusha), akamchukua akae naye. Kila asubuhi alimwachia chai kwenye chupa, chakula kwenye hotpoti na redio karibu na mkono, halafu akaenda kwenye kibanda chake sokoni kuchonga funguo. Alirudi saa moja jioni. Alijiona anamtunza vizuri, na majirani wote walimsifu.

Shida ilikuwa ngazi. Jengo halina lifti, na ghorofa zake zinafanana kama pacha: ukuta uleule, mlango uleule wa kijivu, mkono uleule wa chuma. Shangazi alishuka kila asubuhi kuota jua uani. Akirudi, badala ya kufika kwake ghorofa ya nne, aliishia ya tatu kwa Mama Pacha, fundi cherehani mwenye watoto wawili wa tumbo moja na mlango usiofungwa kutwa nzima, pazia tu. Anaingia, anapapasa kiti, anakaa. Akiambiwa hapa si kwako, anashika kichwa na kusema kumbe. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya sita, Mwenyekiti wa jengo, karani mstaafu wa ghorofa ya kwanza, mtu asiyeweza kuona jambo likapita bila kulitia mkono, akampigia simu dada yake Kitasa.

Dada akaja mbio kutoka mji anaokaa, na hakuja kucheka. Leo kaingia kwa mtu mwema, alisema, kesho ataingia kwa nani? Na akiteleza? Yeye nyumba yake ni ya chini, haina hata kidaraja kimoja, na chumba cha nyuma kipo tayari, kimya kabisa, peke yake, hakuna wa kumsumbua. Shangazi akakataa katakata. Akasema hamwachi mtoto wake. Dada akamgeukia mdogo wake na kumwambia maneno ambayo Kitasa aliyabeba mwezi mzima kama kokoto kwenye kiatu.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuja mwenyewe, apande ngazi hizi peke yake nikiona. Akiingia tena kwa mtu, namchukua siku hiyohiyo, na usinililie."

Sasa, Kitasa si msemaji lakini sikio analo. Kufuli lililokataa ufunguo hulifungua kwa kusikiliza, akiingiza waya na kungoja vile vidude vya ndani viseme ti, ti, kimoja kimoja. Akawaza hivi: kama Shangazi haoni ghorofa, basi ghorofa zitamwambia zenyewe. Kila moja ataipa sauti yake ukutani, pale mkono unapopita. Apitishe fimbo tu, asikie, ajue yuko wapi. Wazo zuri, mtu yeyote angelisifu. Ubaya wake ulikuwa mmoja, kwamba lilihitaji majirani.

Aliomba vitu vya nyumbani visivyotumika, vyenye mlio. Sentensi fupi, ya Kiswahili, imeandikwa kwa herufi kubwa, imebandikwa mlangoni chini. Alicholetewa sasa. Vijiko vya plastiki. Chupa zilizopasuka. Mtu mmoja alileta nusu ya feni. Mwingine alileta redio iliyokufa akaeleza kwamba enzi zake ilikuwa na sauti kali sana. Kitasa alimtazama yule bwana muda mrefu, akaipokea redio, akamshukuru, kisha akapanda nayo mpaka kwake akaiweka chini ya kitanda kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ghorofa ya kwanza haikumpa taabu, maana funguo mbovu alikuwa nazo ndoo nzima. Alizitundika kwa nailoni, safu ndefu, ukipitisha mkono zinamiminika kama mvua kwenye bati. Ghorofa ya pili alipanga chupa nane, kila moja na maji ya kimo chake, na alikaa siku mbili akiongeza na kupunguza kwa kijiko mpaka zikapanda ngazi ya sauti vizuri, kutoka nene mpaka nyembamba. Siku ya tatu akazikuta tupu. Zote nane, zimeoshwa, zimepinduliwa zikauke. Mwenyekiti alikuwa amesema maji yaliyotuama yanaleta mbu. Kitasa akajaza upya, akamwagia na matone ya mafuta juu ili mbu asitage, akaeleza kwa upole. Kesho yake tupu tena, na safari hii zimeoshwa kwa sabuni kwa sababu zilikuwa na mafuta. Hapo upole ukaisha. Aliziondoa chupa, akatafuta vijiko vya chuma na uma, akavitundika badala yake, na kwa siku nne hakumsalimia mtu yeyote wa ghorofa ya pili, hata waliokuwa hawana kosa.

Ghorofa ya tatu ndiyo iliyompendeza mwenyewe. Mama Pacha alimpa vifuniko vitano vya sufuria, kikubwa cha sherehe mpaka kidogo cha uji, na sufuria zake zote zikabaki wazi, naye akasema si kitu, atafunikia sahani. Vifuniko vile vilikuwa na sauti, we acha. Kitasa alivifunga kwa kamba kwenye kishikio, vikaning'inia mbali kidogo na ukuta, ukikigusa kimoja kinaimba mpaka unafika pale ngazi inapogeuka. Alichonga na kijiti, akakivisha mpira kichwani. Alifurahi siku hiyo. Alipiga mluzi.

Kesho yake aliporudi kutoka sokoni mchana alipiga kifuniko cha kwanza, kikasema dup. Cha pili, dup. Mwenyekiti alikuwa amekuja asubuhi na nyundo, akavipigilia vyote ukutani, misumari mitatu kila kimoja, vimelala bapa kama picha za harusi. Kitasa aliketi kwenye ngazi. Mwenyekiti akatokea, amevaa shati la mikono mirefu, anangoja ashukuriwe. Akasema vilikuwa vinaning'inia ovyo na vingemwangukia mtu.

Kitasa akamwuliza polepole kama kengele ya shule imepigiliwa ukutani. Mwenyekiti akafikiri, akasema hapana, lakini kengele ya shule ina kibali. Basi Kitasa alitumia jioni nzima kung'oa misumari kumi na mitano, akaziba matundu kwenye vifuniko kwa risasi ya kulehemu ili mlio urudi, na mlio haukurudi wote. Kile kidogo cha uji kilibaki na mafua mpaka leo.

Ghorofa ya nne, ya kwake, alikata mabomba ya plastiki sita, refu na fupi, akayasimamisha ukutani midomo juu. Hayo hupigwa kwa kandambili: unalifunika bomba kwa kishindo nalo linatoa bum nene inayosikika kifuani. Kandambili aliifunga kwa kamba. Ikaibiwa. Akafunga nyingine, ikaibiwa. Ya tatu aliifunga kwa waya, wakakata waya. Sasa niambie wewe, nani anaiba kandambili moja, ya mguu wa kushoto, iliyokatika kidole? Kitasa aliuliza swali hilo kwa sauti kwenye ngazi, ghorofa zote nne zikanyamaza. Ya nne aliikata katikati ibaki kisigino tu, na hiyo ikaokoka.

Halafu kukaja kikao. Kikao cha jengo zima, juu ya saa za kupiga. Maana wale wale waliotoa vijiko vya plastiki sasa walikuwa hawapiti bila kupiga. Mtu anatumwa chumvi, anapiga. Anarudi, anapiga. Bwana wa redio alijifunza kutoa wimbo kwenye mabomba, wimbo mmoja, na mwisho wake hakuujua, kwa hiyo alikuwa anafika palepale anaanza tena. Kikao kiliamua kwamba kupiga mwisho saa mbili usiku, Mwenyekiti akaandika barua, barua ikabandikwa juu ya funguo na kuziba sita kati yake.  Kitasa alikuwa amefika mahali ambapo hasira imechoka yenyewe.

Katika maudhi yote hayo jambo moja lilikwenda sawa, nalo lilimpa nguvu. Shangazi hakupotea. Kwa wiki tatu za kazi Kitasa alifunga kibanda saa sita mchana ili awahi ngazini, na Shangazi alishuka akakaa naye palipokuwa na kazi, kwenye mto wake, misumari mapajani, akimpa mmoja mmoja akiombwa. Alikuwa hakimu wa sauti. Huu mnene, huu unalia puani, huu uondoe unafanana na mke wa marehemu mjomba wako akiwa na njaa. Alimsema kuhusu kuoa. Alimsimulia mambo ya baba yake ambayo Kitasa hakuwahi kuyasikia, kwamba naye alikuwa anasema na vyombo vya kazi. Na wiki tatu hakuingia kwa Mama Pacha hata mara moja. Kitasa alimpigia dada yake simu akamwambia dawa imefanya kazi hata kabla haijaisha kuchemka. Dada akasema tutaona Jumamosi.

Alimaliza siku ya Jumatatu, akarudi sokoni kutwa nzima kama zamani, maana wateja walikuwa wameanza kumsahau. Jumamosi Dada akafika na begi tupu. Kitasa aliliona lile begi, hakupenda.

Shangazi aliwekwa chini mlangoni na fimbo yake. Majirani walisimama pembeni kwenye kila ghorofa, wameambiwa wasipumue. Dada na Kitasa walimfuata kwa nyuma, hatua tatu, kimya. Shangazi akapanda. Ghorofa ya kwanza akapitisha mkono, funguo zikamiminika, akaendelea. Ya pili vijiko vikalia ting, akaendelea, hakusita hata kidogo, na Kitasa akahisi kifua kinajaa. Ya tatu akachukua kijiti, akapiga vifuniko vyote vitano taratibu, kikubwa mpaka kidogo, akasikiliza mpaka cha mwisho kilipokwisha. Akarudisha kijiti mahali pake. Kisha akageuka, akasogeza pazia, akaingia kwa Mama Pacha, akapapasa kiti, akakaa.

 Dada alifumba macho. Kitasa akaingia nyuma yake, na yote aliyoyameza mwezi mzima, chupa, misumari, kandambili, barua, yakamtoka kwa mtu asiye na kosa hata moja kati ya hayo.

"Shangazi, hivi ni vifuniko. Vifuniko ni ghorofa ya tatu. Nimekwambia mara mia. Sisi ni mabomba."

"Najua ni ya tatu," Shangazi akasema.

"Unajua?"

"Madaraja kumi na nane, unageuka, kumi na nane, unageuka. Nayahesabu tangu siku ya kwanza. Sijawahi kupotea, mwanangu."

Mama Pacha alikuwa ameshika kitambaa mkononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alidhani wanajua. Alidhani Shangazi anakuja tu, kama mtu anavyokwenda kwa mwenzake, na ule mchezo wa kushika kichwa alidhani ni utani wa kikubwa.

Dada akauliza kwa nini basi. Kwa nini uwatie watu hofu mwezi mzima, Shangazi, mtu mzima kama wewe.

Shangazi alilaza fimbo mapajani. "Kule juu hakuna mtu," akasema. "Nikipotea mnanihurumia, kipofu wa watu. Nikisema nimechoka kukaa peke yangu, mtasema nadeka, na huyu anafanya kazi toka asubuhi. Wiki tatu hizi niliingia kwa nani? Si alikuwa ngazini?"

Kitasa alisimama pale na mikono yake mitupu. Alitaka kukasirika, na kusema kweli alikasirika. Alisema ungesema, Shangazi. Ungesema neno moja tu. Alitaka kuongeza kwamba angefanya jambo, lakini hilo halikumtoka, kwa sababu alijua angefanya nini. Angemnunulia redio kubwa zaidi.

Kisha Shangazi akamgeukia Dada, upande ambao pumzi yake ilikuwa ikisikika, akamwuliza nyumbani kwake kuna watu wangapi. Dada akasema tisa, na mama mkwe, na watoto wa shemeji wanaosoma pale. Akaongeza haraka kwamba asiwe na wasiwasi, chumba cha nyuma kelele hazifiki.

"Kelele zipo, lakini?"

"Shangazi, kelele tupu. Hakukaliki."

"Sasa mbona kila siku unaniambia kimya, kimya? Nilidhani unanipeleka kaburini." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Akanyoosha mkono, akaupapasa hewani mpaka akaupata wa Kitasa. "Mimi nitakwenda na dada yako, mwanangu. Usinikasirikie. Nilikuwa nasema sikuachi kwa sababu nilijua nikiondoka hata wa kukusema kuhusu kuoa hutakuwa naye."

Waliondoka Jumapili asubuhi. Kitasa alibeba begi, Shangazi akashuka mbele akipiga kila ghorofa, na bwana wa redio alimpigia wimbo wake mabombani, ukaishia palepale. Kituoni Shangazi alimwambia avae sweta. Kulikuwa na joto. Akasema atavaa.

Jumatatu alirudi kutoka sokoni saa moja jioni kama kawaida. Alipanda, hakugusa kitu, si funguo wala vijiko. Alifungua mlango akasalimia, na alipokuwa ameshasalimia ndipo akakumbuka. Alikula amesimama jikoni. Aliosha sahani moja na kijiko kimoja, akavifuta, akavirudisha, akatazama saa, haikuwa imefika hata saa mbili kasoro robo. Akakaa. Akasimama. Akashuka madaraja kumi na nane akiyahesabu, akageuka, akashuka kumi na nane mengine, akajikuta amesimama mbele ya pazia.

Akapiga hodi. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, watoto wanaandika chini sakafuni. Kitasa akasema amekuja kuangalia vifuniko kama kamba zimelegea. Mama Pacha akasema hazijalegea. Kitasa akasema basi vizuri, akabaki pale mlangoni ameshika kitambaa cha pazia.

Mama Pacha alimtazama kidogo. Kisha akainuka, akaondoa nguo zilizokuwa juu ya kiti, akarudi kushona.